Namna ya kulinganisha laptopu kabla hujatoa hela: mwongozo kamili kwa watu wa Dodoma

Kila vyuo vikikaribia kufunguliwa simu yangu haitulii. Mtu yuko dukani pale mjini kashika laptopu mbili, ananiuliza kaka nichukue ipi, hii nyeusi au hii ya silva, na nyuma namsikia muuzaji anasema hiyo silva ni i7 bosi, hiyo ni moto. Swali langu la kwanza huwa ni lile lile, unaenda kuifanyia nini na utakuwa unaibeba kutoka wapi mpaka wapi? Wengi hapo wananyamaza.

Naandika hii kwa sababu ya mdogo wangu. Alipopata chuo nyumbani tulichangishana, mama akauza magunia ya alizeti, hela ikatumwa akanunua mwenyewe. Alichukua mpya kabisa ya kwenye boksi, nyembamba, nyepesi, inang'aa. Ndani ilikuwa na ramu (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 4GB, prosesa (ubongo wa mashine) ndogo ya kori mbili na hifadhi 64GB iliyochomelewa kwenye bodi, yaani huwezi kuitoa ukaweka kubwa. Windows peke yake ilikula zaidi ya nusu ya hifadhi, mwezi wa pili ikaanza kukataa apdeti kwa kukosa nafasi, akifungua Word na Chrome kwa pamoja inaganda, anaiacha anaenda kuchota maji anarudi ndo inafunguka. Na inaniuma mpaka leo kwa sababu kwa hela ile ile, mtaa ule ule, angepata used ya ofisini ambayo ingemvusha miaka yote mitatu. Hakudanganywa, kila kitu kilikuwa kimeandikwa kwenye boksi, ila hakuna mtu aliyewahi kumfundisha kukisoma.

Kwaiyo twende taratibu. Msimamo wangu nausema mapema ili ujue naelekea wapi: usilinganishe majina wala stika, linganisha mashine mbili hizo zilizopo mbele yako, kwa kazi yako, kwa safari zako, na kwa miaka utakayokaa nazo.

Hatua ya 1: andika kazi zako kwenye karatasi, kabla hujaenda dukani

Andika kabisa, usikae nazo kichwani. Ukiwa kichwani kila mtu "anataka mashine nzuri", ukiandika unakuta kazi ni tatu au nne tu.

Kama wewe ni wa Word, Excel, PDF, barua pepe, Zoom na kuangalia muvi jioni, we ni mtumiaji wa kawaida na hapa wamo watumishi wengi wa Mtumba, kule mji wa serikali, na wanafunzi wengi wa ualimu, biashara na sheria. Huyu hahitaji i7, anahitaji ramu 8GB, SSD (hifadhi ya kisasa yenye kasi), kibodi nzuri na betri.

Kama unasoma takwimu au unafanya utafiti, SPSS, Stata na R zenyewe si nzito kivile, uzito unakuja na ukubwa wa data. Ramu 8GB inaanza, 16GB unafanya kazi umetulia.

Watu wa mipango, ardhi na mazingira mnaotumia ramani, QGIS inakubali Windows, Mac na Linux, lakini ArcGIS Pro ni Windows tu. Revit vilevile ni Windows tu. Hili liandike kwa wino mwekundu maana nimeona mtu kanunua MacBook nzuri kwa hela nyingi alafu somo la muhula unaofuata linadai ArcGIS Pro, akabaki anaazima mashine ya mwenzake usiku wenzake wakilala.

Watu wa programu, wale wa kompyuta pale UDOM, ukitaka kutumia Android Studio na simu ile ya kuigiza ndani ya kompyuta, chini ya 16GB utateseka. Na mwenye kuhariri video au kuchora 3D ndo pekee hapa mwenye haja ya kadi ya picha ya pembeni. Wengine wote usilipie hiyo kadi, inaongeza uzito, joto na kula chaji kwa kazi ambayo hutaifanya.

Hatua ya 2: soma jina la prosesa mpaka herufi ya mwisho

Hapa ndo watu wengi wanapigwa, na ndo nitakaa muda mrefu.

Muuzaji anasema "i5" au "i7" anaishia hapo. Hiyo ni sawa na kuambiwa gari ni Toyota. Unatakiwa upate jina zima, mfano i5-8350U. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni kizazi, kwaiyo 8350 ni kizazi cha 8 na 6600 ni kizazi cha 6, na kama namba inaanza na 1, mfano i5-1135G7 au i5-1235U, zile tarakimu mbili za mwanzo ndo kizazi, cha 11 na cha 12. Herufi inaonesha tabia: U ni ya kutunza chaji, inapata moto kidogo, ndiyo inayokufaa ukiwa mtu wa kutembea. H ina nguvu nyingi ila inakula betri na feni inapiga kelele.

Sasa kuna mpaka mmoja ukariri. Intel walipotoa kizazi cha 8 mwaka 2017, hizi prosesa za U za i5 na i7 zilitoka kori 2 zikawa kori 4. Kori ni kama mikono ya kufanyia kazi ndani ya prosesa. Maana yake i7-6600U, pamoja na ukubwa wa jina lake, ina mikono miwili, na i5-8350U ina minne. Kazi za mambo mengi kwa pamoja, i5 hiyo inaiacha i7 hiyo mbali. Na usishangae muuzaji akikuonesha kwenye skrini kwamba i7 imeandikwa 2.60GHz na i5 imeandikwa 1.70GHz akasema unaona, hii ndo yenye spidi. Ile namba ni spidi ya kuanzia tu, hiyo i5 ikipewa kazi inapanda mpaka 3.6GHz.

Sababu ya pili ya mpaka huo ni Windows. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inapokea rasmi kuanzia kizazi cha 8, pamoja na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Kuna mafundi wanaiingiza Windows 11 kwa nguvu kwenye kizazi cha 6 na cha 7, inawaka, lakini haiko kwenye orodha ya Microsoft, na apdeti zake hakuna anayekudhaminia. Mi binafsi leo hii simshauri mtu yeyote anunue chini ya kizazi cha 8 labda awe anaenda kuweka Linux na anajua anachofanya.

Na hapa kuna mtego wa jina la mashine. HP EliteBook 840 G5 zilitoka zenye kizazi cha 7 na zenye kizazi cha 8, nje zinafanana kama mapacha. ThinkPad T480 na Dell Latitude 7490 vilevile. Kwaiyo mtu akikwambia "hii ni G5" bado hujajua chochote, fungua uangalie.

Upande wa AMD, Ryzen 5 ni nzuri sana na watu huku wanazikwepa bila sababu kwa kuwa hawazijui. 5500U kwa mfano ina kori 6. Ila kwenye zile za 7000 angalia tarakimu ya tatu, ndiyo inayosema umri wa teknolojia ya ndani: 7520U imebeba teknolojia ya zamani kuliko 7530U, na hiyo ya zamani kuliko 7540U, ingawa zote zinaitwa za mwaka mmoja.

Ukiona mpya ya bei ndogo yenye Celeron N4020, ina kori 2 na ni dhaifu, ni ya mtoto kujifunzia kuchapa. N100 ni afadhali mara nyingi, kori 4, kwa kazi za kawaida inatosha.

Ukishapata majina mawili kamili, ingia intaneti andika jina la kwanza, vs, jina la pili, na uangalie alama za Geekbench au PassMark, zile programu za kupima kasi ya prosesa. Angalia alama mbili, ya kori moja na ya kori zote. Ya kori moja ndo utaihisi ukifungua Word, ya kori zote utaihisi ukifanya mambo makubwa. Tofauti ya asilimia 10 usiitolee hata shilingi, hutaisikia.

Hatua ya 3: ramu na hifadhi

Hapa fupi. Ramu 8GB ndo sakafu, 16GB ndo raha. Swali la msingi zaidi ni je inaongezeka? T480, 840 G5 na Latitude 7490 zina nafasi mbili za ramu, leo unanunua na 8GB, bumu la muhula ujao likitoka unaongeza nyingine 8. ThinkPad X1 Carbon na MacBook Air ramu imechomelewa, uliyonunua nayo ndo utakayozeeka nayo.

Hifadhi ni SSD, basi. HDD ya laptopu, ile diski ya zamani inayozunguka, inasoma kama MB 100 kwa sekunde, SSD ya SATA (aina ya zamani) inafika kama 550, na NVMe (SSD ya aina mpya) ya kawaida inaenda mpaka 3,000 na zaidi. Ukibanwa na hela ukaambiwa uchague HDD ya 1TB au SSD ya 256GB, chukua SSD alafu muvi zako weka kwenye diski ya nje. Mashine ya kizazi cha 8 yenye HDD itakuchosha kuliko ya zamani yenye SSD, nimezijaribu zote mbili juu ya meza moja.

Hatua ya 4: ubebaji, yaani uzito pamoja na chaja na betri

Uzito unaoandikwa na kampuni ni wa mashine peke yake. Siku moja nikiwa soko la Majengo nilimuomba mama mmoja muuza zabibu anipimie begi langu kwenye mzani wake, akacheka ila akakubali. Mashine yangu ambayo kwenye karatasi ni kilo 1.5, ikiwa na chaja, waya wake mnene, mausi na daftari moja ikasoma kilo 2.6. Zabibu za kilo mbili na nusu mgongoni kila siku, ndo nilivyoanza kuelewa kwa nini bega la kushoto lilikuwa linauma.

Kwaiyo jiulize njia yako. Anayekaa hosteli ndani ya UDOM bado anapanda na kushuka vilima kati ya madarasa, eneo lile ni kubwa. Anayekaa Ng'ong'ona anatembea kwenye vumbi. Anayepanda daladala Jamatini kwenda Mtumba anaipakata kwenye msongamano. Kwa hawa inchi 14 ya kati ya kilo 1.3 na 1.6 ndo saizi ya haki. MacBook Air ya M1 (prosesa ya Apple wenyewe) ni kilo 1.29, X1 Carbon ya kizazi cha 6 iko kama kilo 1.13. Ya inchi 15.6 mara nyingi inakaribia kilo 2 au inazidi, hiyo muachie anayekaa nayo mezani, mhasibu wa dukani mwenye kuhitaji ile kibodi ya namba pembeni.

Betri sasa. Usiulize "inakaa masaa mangapi", muuzaji atasema manne mpaka matano, wote wanasema hivyo. Ipime mwenyewe: bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, fungua, kisha andika powercfg /batteryreport ubonyeze Enter. Itakwambia faili imehifadhiwa wapi, lifungue kwenye Chrome au Edge. Tafuta mstari wa DESIGN CAPACITY, huo ni ujazo betri ilivyozaliwa, na FULL CHARGE CAPACITY, huo ni ujazo wake leo. Sema ya kwanza ni 50,000 na ya pili ni 31,000, gawanya, unapata asilimia 62. Mashine ya U kwa kazi za kawaida inakula kama wati 8 kwa saa moja ya kazi, na ile 31,000 iko kwa mWh, yaani ni wati-saa 31, kwaiyo 31 gawa kwa 8 ni karibu masaa manne kasoro. Umeshapata jibu la kweli bila kumuuliza mtu. Chini ya asilimia 60 mimi nahesabu kwamba nanunua na betri mpya juu yake, na hiyo bei ya betri naiombea punguzo hapo hapo.

T480 ina betri mbili, moja ndani moja nje, ile ya nje unaichomoa bila kuzima mashine ukaweka nyingine. Kwa mtu anayefanya kazi za shambani na vijijini, Chemba huko au Mpwapwa, hiyo kitu ni mkombozi.

Na angalia tundu la chaja. Mashine inayochajiwa kwa USB-C unaweza kuichaji kwa chaja yoyote nzuri ya wati 65, hata kwenye gari kwa adapta yake, na mtu wa solar ya 12V anapona bila inveta. Chaja ya simu ya wati 18 haitoshi. Ukinunua used iliyotoka Uingereza au Dubai plagi yake ni ile ile ya kwetu ya pini tatu bapa, ikitoka Marekani utabadilisha waya tu, mradi tofali la chaja limeandikwa 100-240V.

Hatua ya 5: kioo, kipime juani

Jua la Dodoma halina mchezo, na sisi wengi tunafanya kazi kwenye baraza, chini ya mti, kantini. Ukiwa dukani kwenye taa kila kioo ni kizuri. Omba utoke nayo mlangoni, weka mwanga wa mwisho, fungua ukurasa mweupe wenye maandishi madogo, soma. Kioo cha niti 250 (niti ni kipimo cha mwanga wa kioo) nje kinakuwa kama kioo cha kujitazamia, unaona uso wako tu. Niti 300 ni nafuu, 400 unasoma vizuri kivulini. Chagua 1920 kwa 1080, ile ya 1366 kwa 768 Excel inakuonesha safu chache mpaka unachoka kusukuma. Na uliza kama ni IPS, aina ya kioo kinachoonekana vizuri hata ukikitazama kwa pembeni: ukiinamisha kioo mbele na nyuma rangi zikigeuka kuwa kama picha ya negativu, hiyo si IPS, iache.

Hatua ya 6: nusu saa yako dukani

Nusu saa kamili, usiharakishwe. Muuzaji mwenye mzigo mzuri hatakuzuia, anayesema "mteja mwingine anaitaka sasa hivi" muache huyo mteja aichukue. Nenda na flashi yenye picha tatu, nyeupe tupu, nyeusi tupu na nyekundu tupu, pamoja na programu ya CrystalDiskInfo ile isiyohitaji kuinstoliwa. Nenda na bando kwenye simu.

Anza mashine ikiwa imezimwa. Iwashe huku unabonyeza kitufe cha kuingilia BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows), F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad. Ikiomba paswedi na muuzaji hana, rudisha mezani, hata kama bei ni ya kutupa. Hiyo ilikuwa ya kampuni fulani na haikufunguliwa vizuri, siku Windows ikiharibika utahangaika. Ukiwa humo ndani tafuta pia palipoandikwa Absolute au Computrace, mfumo wa kampuni kufuatilia na kufunga mashine yake kwa mbali, kusiwe kumewashwa.

Alafu kuna kufuli lingine ambalo watu wengi hawalijui. Mashine za ofisi za Ulaya nyingi zimesajiliwa kwenye mtandao wa kampuni zao, na usajili huo uko kwa Microsoft, haufutiki kwa kupiga Windows upya. Leo inawaka vizuri, siku ukiireset na kuiunganisha intaneti inakuandikia karibu kampuni fulani na inadai barua pepe ya kazini. Kama mashine iko kwenye ile hatua ya mwanzo ya kuset, iunganishe na hotspot yako hapo hapo uone inasema nini. Kama imeshasetiwa, ingia Settings, Accounts, fungua sehemu ya kazi au shule, kusiwe na jina la kampuni yoyote. Ila fahamu kwamba kama fundi aliset bila intaneti pale hapataonesha kitu, kwaiyo kama muda upo omba ireset mbele yako, na kama haupo hakikisha waranti ya maandishi inalitaja hili kwa jina. Kwa MacBook, hakikisha akaunti ya iCloud ya mwenye nayo wa zamani imetolewa, la sivyo umenunua sinia.

Ukiingia ndani bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance. Hapa ndo mashine inajieleza yenyewe bila mdomo wa mtu. Kwenye CPU unaona jina zima na idadi ya kori. Kwenye Memory unaona ramu na chini yake imeandikwa nafasi ngapi zimetumika, ukiona 1 of 2 furahi, una pa kuongezea. Kwenye Disk inaandika SSD au HDD. Piga picha kurasa hizo tatu kwa simu, fanya hivyo kwa mashine zote mbili, kaa pembeni, linganisha picha. Mi hii ndo sehemu naipenda maana hapa stika zote zinanyamaza.

Fungua CrystalDiskInfo, angalia afya ya SSD kwa asilimia na masaa iliyowaka. Zaidi ya 85 naichukua bila wasiwasi, chini ya hapo naomba punguzo, ikiandika Caution naondoka.

Fungua picha zako tatu kioo kizima. Kwenye nyeupe tafuta mabaka na vidoti, kwenye nyeusi angalia mwanga unaovuja kwenye kona, kwenye nyekundu vidoti vilivyokufa vinajitokeza. Fungua Notepad ubonyeze kila kitufe, kila kimoja, mpaka namba za juu. Fungua na kufunga kifuniko taratibu mara kumi huku sikio liko karibu na hinji, ikilia kama mlango wa zamani au ukiona plastiki inaachana, hiyo miezi sita haifiki. Chomeka flashi kwenye kila tundu. Fungua kamera, jirekodi sauti, ucheze.

Mwisho fungua video mbili za YouTube kwa pamoja na tabo kumi za Chrome, ziache dakika kumi. Weka kiganja chini ya mashine na usikilize feni. Joto la kawaida ni sawa, ila ikiwa huwezi kuushikilia mkono, au feni inanguruma na mashine inaanza kukwama, ndani kumejaa vumbi au ile krimu ya kupoozea imekauka. Hiyo inatengenezeka na si ghali, iombee isafishwe kabla ya kulipa. Na vumbi la kwetu kuanzia Julai mpaka Oktoba upepo ukianza ni lile jekundu laini linaloingia mpaka kwenye sukari, kwaiyo hata ukinunua safi, panga kuisafisha kila mwaka. MacBook Air ya M1 haina feni kabisa, kwa vumbi letu hiyo ni faida kubwa ambayo haiandikwi kwenye boksi.

Hatua ya 7: piga hesabu ya thamani kwa mwaka

Bei ya dukani ni nusu ya habari. Hesabu ninayotumia ni hii: bei, jumlisha utakachoongeza, toa utakachouzia baadaye, gawa kwa miaka utakayokaa nayo. Namba hizi ni za mfano, we weka za siku hiyo dukani.

Mpya ndogo ya laki 6 na nusu, itakutosha miaka 2, utaiuza laki 1 na nusu. Imekula laki 5 kwa miaka 2, yaani 250,000 kwa mwaka.

Used ya ofisini ya laki 7, umeweka betri mpya ya elfu 90, unakaa nayo miaka 4, unaiuza laki 2 na nusu. Imekula 540,000, gawa kwa 4 ni 135,000 kwa mwaka.

MacBook Air ya M1 ya milioni 1 na nusu, miaka 5, unaiuza laki 5. Ni 200,000 kwa mwaka.

Unaona ile iliyoonekana rahisi ndo ghali kuliko zote. Ndiyo maana mtu akiniambia ana laki 6 au 7 jibu langu halibadiliki, tafuta zile zilizotengenezwa kwa ajili ya ofisi, EliteBook, Latitude au ThinkPad, kizazi cha 8 kwenda juu. Vipuri vyake vipo, mafundi wanazijua, betri, kibodi na kioo vinabadilika. Mpya inaanza kuwa na maana kwangu pale bajeti inapofika mahali unapata 8GB, SSD halisi na prosesa ya kueleweka kwa pamoja. Mac ni ya mtu ambaye ameshahakikisha programu zake zote zinakubali, na anahitaji betri kuliko kitu kingine.

Kama mashine mbili zinakaribiana kwenye hesabu hii, chagua yenye kibodi iliyokuridhisha vidole na kioo ulichokisoma juani. Hivyo viwili utaishi navyo kila siku.

Hatua ya 8: hapa hapa Dodoma au Kariakoo?

Tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024 watu wengi wanakwenda Dar asubuhi na kurudi jioni, na Kariakoo kweli uchaguzi ni mpana. Ila weka kwenye hesabu nauli ya kwenda na kurudi, chakula, bodaboda, na siku yako nzima, kisha jiulize ikiharibika wiki ya pili utairudisha vipi. Kama tofauti ya bei ni elfu hamsini, nunua hapa, muuzaji umjue kwa sura na unaweza kumfuata. Kama ni laki 2 na kuendelea, au mnanunua watu watatu kwa pamoja, panda treni.

Popote utakaponunua, waranti iandikwe: siku ngapi, inahusu nini, na serial namba ya mashine, ile iliyoandikwa chini kwenye kava, iandikwe kwenye karatasi hiyo na mhakikishe inafanana na ile ya ndani ya BIOS. Wiki ya kwanza itumie kupita kiasi, fanya kazi zako zote nzito, chaji na umalize chaji, ikiwa na ugonjwa ujitokeze ndani ya siku za waranti. Na dai risiti ya EFD. Karatasi yake inafifia kwa joto, na joto letu unalijua, kwaiyo kabla hujatoka mlangoni ipige picha, na picha hiyo umtumie mtu mwingine nyumbani.